Mwonjaji wa Mjomba

Kosa ambalo kurasa hizi zitalifunua ni heshima ya uongo: ile inayomtaka mtoto anywe ili mtu mzima asione haya mbele ya wageni wake. Sizungumzii ulevi. Ulevi watu wote huulaani, na walevi wenyewe ndio wa kwanza wakiamka na kichwa kizito. Nazungumzia jambo lililovaa nguo safi za Jumapili, linalosalimia kwa mikono miwili, na ambalo katika miaka ile ya Zaire sikumsikia mtu hata mmoja wa Kalemie akiliita kosa.

Baba yetu alikuwa karani wa reli. Alizaliwa Kabalo, kazi ikamleta kwenye ziwa Tanganyika, akaoa hapa, akapewa nyumba ya matofali katika kambi ya watu wa treni, mahali ambapo ukipika maharagwe jirani wa pili anajua kama umetia mawese. Mama alitoka Mpala, kwa watu ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba alitulisha, alituvisha, alilipa minerval, ile ada ya shule. Lakini neno la mwisho lilikuwa la kaka yake Mama. Baba alilikubali hilo siku ya mahari na sikumsikia akilinung'unikia. Tulikuwa watoto wawili nyumbani: mimi, niliyekuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akikaribia kumaliza sekondari, kijana mrefu mwenye shingo nyembamba, mpole kiasi kwamba kuku walikula mkononi mwake. Aliniita Yaya, kama wadogo wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao.

Mjomba alikuwa mtu mkubwa mjini. Maboti yake ya injini yalivuka kwenda Kigoma na kurudi na chumvi, sabuni na vitenge, na nyumba yake, karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani, ilikuwa na baraza pana ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Jumapili baada ya misa alivaa abakosti yake ya kijivu, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai, akakaa katika kiti chenye mikono, na watu wakaja: watu wa forodha, makarani wa bandari, katekista, wavuvi kutoka pwani ya kaskazini waliomuuzia ndakala, dagaa wa ziwa letu. Kila mmoja alipewa kiti kulingana na cheo chake, na kila mmoja alipewa kinywaji.

Sasa, kwetu kinywaji hakitolewi hivihivi. Anayekitoa hukionja kwanza mbele ya macho ya wageni, ili wote waone kwamba hakina sumu wala dawa. Mwenye nyumba wa kawaida huonja mwenyewe. Mwenye nyumba mkubwa huonjewa, na anayestahili kumwonjea ni mpwa wake, mtoto wa dada, kwa kuwa mpwa ndiye mrithi, na hakuna mtu anayemtuma mrithi wake akafe. Desturi hiyo ina akili, na sikatai kwamba iliwahi kulinda maisha ya watu. Lakini ilitungwa kwa ajili ya pombe ya ulezi, nzito kama uji, iliyoletwa katika chungu kimoja ambacho watu wote walikizunguka. Chungu kimoja, funda moja, basi, mtoto akaenda kucheza. Katika siku zetu chungu kilikuwa kimeondoka. Yalikuja mahali pake machupa ya lutuku, ile pombe ya mahindi na muhogo inayochemshwa na kukusanywa tone kwa tone, kali hadi inawaka ukiikaribishia kiberiti. Na kwa kuwa sheria ilisema kila chombo kionjwe, kila chupa ilionjwa. Hakuna aliyekaa kufikiri kwamba sheria ilibaki ileile huku vyombo vikiongezeka na moto ukiongezeka ndani yake.

Mpwa aliyekuwa akionja kabla yetu, mtoto wa dada yake mwingine, alioa, akahamia Kiambi. Ndipo Mjomba alipokuja nyumbani kwetu, akakaa sebuleni bila kuvua kofia.

"Shemeji," alimwambia Baba, "nimekuja kuomba muntu wangu."

"Unamuomba nani, na njo wako?" Baba alijibu kwa njo ya kwetu, yaani ndiye au ndiyo, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mama alileta maji ya kunywa. Mdogo wangu aliitwa kutoka nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akaambiwa. Aliona fahari, sitasema uongo juu ya hilo. Kijana wa umri wake kusimama katikati ya wanaume wa mji na kusubiriwa nao, kwamba wasinywe hadi yeye amekunywa, ni jambo linaloweza kumgeuza kichwa hata mtu mzima.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kusaidia jikoni, na kupitia mlango nikamwona. Alimimina vizuri, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha mkono wa kulia kama alivyofunzwa. Akanywa. Akakohoa hadi machozi.

"Eh! Mwonjaji anakohoa!" mtu wa forodha alipaza sauti. "Basi sumu iko ndani!"

"Hapana sumu," Mjomba akasema. "Ile njo utoto unatoka."

Baraza nzima ikacheka, na mdogo wangu akacheka pamoja nao huku akifuta macho. Neno hilo likawa la kila Jumapili. Alipokohoa, mtu fulani alisema utoto unatoka. Miezi ikapita, akaacha kukohoa.

Wakati ule nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi wa umri wangu, na niliamini kwamba mtu akipewa maneno yaliyo sahihi atapata na nguvu ya kuyasema. Nikaamua kumfundisha kukataa. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi nikiwa Mjomba, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, chupa ya mafuta mkononi.

"Mpwa wangu, wageni wanangoja. Onja."

"Mujomba, ninakuheshimu sana. Lakini sitakunywa."

"Unanitukana mbele ya watu?"

"Hapana, Mujomba. Heshima yangu haiko ndani ya chupa."

Aliyasema vizuri, shingo imenyooka, na nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango kwa komeo. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida:

"Na wakicheka, Yaya?"

"Wacheke."

"Nauliza, wakicheka, mimi nitaangalia wapi?"

Nikamwambia aseme tena kuanzia mwanzo.

Jumapili iliyofuata nilisimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Alimimina, akainua glasi, akafungua kinywa kusema. Wanaume wote wakanyamaza, wakidhani ana maneno ya kuwakaribisha. Katekista hata akamtia moyo: "Sema, mutoto, tunasikia." Mdogo wangu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Karibuni." Akanywa.

Tukirudi nyumbani kwa njia ya bandarini aliniambia, "Maneno yako yalikuwa mazuri, Yaya. Hayakupata mahali pa kuingilia."

Basi nikaenda kwa Mjomba mwenyewe, siku ya kazi, nikamkuta ufukweni akisimamia watu wakipakua magunia. Nilimsalimu kwa kupiga magoti mchangani. Nikamwambia kwamba mtoto anaharibika.

"Anaanguka njiani?"

"Hapana, Mujomba."

"Anatukana wakubwa?"

"Hapana."

"Basi unalilia nini, na hakuna aliyekufa?"

"Mujomba, mwingine aonje. Au uonje wewe, naye amimine tu."

Aliacha kuhesabu magunia. Alinitazama pasipo hasira, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua adabu za nyumba.

"Wewe ni mwalimu," akasema, "lakini jambo hili hujalisoma. Mpwa akikataa kuonja, unajua watu wanasikia nini? Wanasikia kwamba anajua kilicho ndani. Wanasikia kwamba mjomba wake ni mlozi. Njo unataka mutoto aniite hivyo mbele ya mji mzima?"

Mchanga ulinichoma magoti. Yale maneno mazuri niliyokuwa nimemfundisha mdogo wangu jikoni, juu ya heshima na chupa, yangesikika barazani kama shtaka la mauaji. Kijana huyu mpole alikuwa amelijua hilo wakati wote, na hakuniambia kwa sababu aliniona ninafurahia mazoezi.

Nilijaribu kwa Baba. Alikuwa akipiga pasi shati lake la kazi, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na kola zake.

"Mimi hapa ni mukwe," alisema. "Mukwe hakohoi mbele ya shemeji yake. Uliza Mama yako."

Mama alikuwa akichagua mawe katika mchele. "Yule njo alinilea baba yetu alipokufa," alisema bila kuinua macho. "Niende nimwambie nini? Kwamba mkono ulionilisha unamlisha mwanangu vibaya?" Akaendelea kuchagua, na kwa muda mrefu nilisikia mawe yakidondoka katika sahani moja baada ya jingine.

Nilijaribu kwa katekista. Aliniambia kwa upole kwamba kuonja si kunywa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo kila Jumapili na hakuona ubaya wowote. Bila shaka hakuuona; alikaa kiti cha tatu kutoka mlangoni na glasi yake ilijazwa ya tatu.

Wakati nikizunguka kwa wakubwa, wadogo walikuwa wameshamfikia. Shuleni mdogo wangu alikuwa na jina jipya: Mwonjaji. Wenzake walimngoja kwenye njia inayoteremka kutoka mlimani, chupa ndogo ya dawa ya kikohozi ikiwa imejazwa lutuku.

"Mwonjaji! Kuja utoe sumu!"

"Leo hapana."

"Kwa mujomba wako unakunywa, kwetu unakataa? Sisi si watu?"

"Mwacheni, huyu ni wa watu wa forodha. Sisi hatuna abakosti."

Nilikuwa nikipita na madaftari ya wanafunzi wangu niliposikia hayo kwa masikio yangu. Nilipowakemea walinisalimu kwa adabu kamili, "Shikamoo Mwalimu," wakatawanyika, na kesho yake walikuwa palepale. Na kweli angewajibu nini? Mtu anayewanywea wazee kila Jumapili atawaambia nini rafiki zake Jumatano?

Mkuu wa shule ya sekondari, ambaye sisi sote tulimwita Prefe, alinisimamisha sokoni. Alikuwa mtu wa haki, na aliongea kwa sauti ndogo ili wauzaji wasisikie.

"Mwalimu, mdogo wako ni mwanafunzi mzuri. Lakini amekuja darasani akinuka, na darasa zima limejua. Nikimnusa tena, nitamrudisha nyumbani, hata ikiwa ni asubuhi ya mtihani wa Leta. Siwezi kufanya vingine, wengine wananitazama."

Mtihani wa Leta, yaani wa Serikali, ndio uliotoa diploma. Asiyeufanya alikuwa amepoteza miaka yake yote ya sekondari. Nilimweleza mdogo wangu usiku uleule, au tuseme jioni, kwa kuwa taa ilikuwa bado haijawashwa. Hakubisha. Alinyoosha mikono yake mbele yangu, viganja chini.

"Tazama, Yaya."

Vidole vilikuwa vikitetemeka kidogokidogo, kama uzi wa ndoana samaki anapougusa.

"Inatulia lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Jumapili," akasema.

Ndipo ukaja mwisho wa matanga ya bibi yetu, mama yake Mama na Mjomba. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na siku ya kuondoa matanga Mjomba aliipanga Jumapili, ili watu wa Mpala wapate kuja kwa boti. Jumatatu yake mtihani wa Leta ungeanza. Wageni wangekuwa wengi kuliko Jumapili yoyote, na kila mgeni wa heshima angeleta chupa, na kila chupa ingeonjwa. Nilikwenda tena ufukweni, nikapiga tena magoti, nikaomba siku moja tu.

"Siku ya bibi yake!" Mjomba alisema. "Siku ya bibi yake mzaa mama, aonje mutoto wa nani?"

Ile Jumapili upepo ulitoka ziwani na kuyapiga maturubai kama tanga. Tulipika tangu alfajiri. Mchana watani waliingia, na hapa nieleze utani kwa msomaji asiyeujua. Koo zetu zimefungana mbili mbili kwa mzaha. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu mkononi, kukalia kiti chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Katika msiba ndiye anayeshika maiti na ndiye anayechekesha wafiwa. Akiteka kitu chako, kofia au jogoo, unakikomboa kwa lolote atakalolitaja, na usipokikomboa kinabaki chake. Hilo hata hakimu wa mji hakuligusa. Sisi ni ukoo wa Uyoga. Watani wetu ni ukoo wa Mvua.

Mkubwa wao pale Kalemie alikuwa mwanamke mpana, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye sikumpenda. Alikunywa bia yake hadharani, miguu ameinyoosha, akacheka hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Siku hiyo aliingia amevaa nguo za bibi yetu marehemu, amejifunga kitambaa chake cha kichwa, akitembea kwa mwendo wake uleule wa goti bovu na kulalamika kwa sauti yake ileile juu ya chumvi iliyozidi. Watu wa Mpala walicheka huku wakilia. Mama alilazimika kukaa chini.

"Uyoga, we!" alimwambia Mjomba, akimsukuma kutoka kwenye kiti chake chenye mikono. "Bila mimi ungeota wapi? Toka hapo, mama yako amechoka."

Mjomba alisimama. Mtani akamnyang'anya na kofia, akaivaa juu ya kitambaa.

Ndipo zikaja chupa. Zilipangwa juu ya meza ndogo, na mdogo wangu akaja na glasi, amevaa shati jeupe la Baba. Nilisimama mlangoni pa jikoni. Nilikuwa nimetumia maneno yote niliyoyajua na watu wote niliowafahamu, na sasa nilikuwa na mwiko tu. Alipiga magoti, akashika chupa ya kwanza, akaanza kumimina, na mdomo wa chupa ukagonga ukingo wa glasi: ti-ti-ti-ti. Kila mtu aliusikia mlio ule. Mjomba aliangalia ziwani.

"Huyu anatetemeka nini?" mtani akauliza kwa sauti kubwa. "Amemwona mkwe wake akioga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinama, akatazama ile mikono, kisha akaichukua glasi, akajaza kinywa chake, na mbele ya wageni wote akaitema pombe yote chini, puu, karibu na viatu vya Mjomba vilivyong'arishwa.

Mtu mwingine yeyote angetoka pale na kichwa kilichopasuka. Kutema kinywaji cha mwenye nyumba ni kusema wazi kwamba kinaua. Lakini mtani ni mtani. Mjomba alitazama viatu vyake, akatazama watu, akacheka kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

"Sumu hakuna," mtani akatangaza. "Ujinga njo uko ndani, mwingi." Akamgeukia mdogo wangu, akaibana midomo yake kwa vidole viwili, kama mtu anavyomshika kambale asiteleze. "Nimeteka kofia. Sasa ninateka hiki."

"Unateka nini?" Mjomba akauliza.

"Mdomo. Mdomo huu ni wangu kuanzia leo. Kula, atakula. Kumuomba Mungu, ataomba. Kumtukana dada yake mwalimu, nitampa ruhusa. Pombe haipiti hapa hadi muukomboe."

"Sawa, sawa. Taja. Tuukomboe na nini?"

Watu walisogea kusikia, kwa kuwa ukombozi mzuri ndio utamu wa utani. Kofia kwa kawaida ilikombolewa kwa sahani ya nyama. Mtani alijitazama, akashika ile kanga ya bibi yetu iliyokuwa kiunoni mwake, akaivuta ili wote waione.

"Na huyu," akasema. "Mumurudishe huyu mwanamke hapa, nami nitaurudisha mdomo wa mjukuu wake."

Kicheko kilianza upande wa vijana, kikafa. Mwanamke mmoja wa Mpala alijifunika uso. Mjomba alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona akikifunga bila kutoa neno. Angebisha nini? Kwamba thamani ya mama yake haiufikii mdomo wa kijana?

Katekista ndiye aliyeuliza, kwa wasiwasi, nani basi ataonja.

"Mimi. Mukikufa, kuwazika njo kazi yangu. Wacheni nijue mapema."

Na akaonja, chupa baada ya chupa, mchana kutwa, yeye aliyependa kunywa kuliko wengi wa wanaume waliokuwapo. Na kila funda alilitema chini. Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi akila nyama, shati la Baba likiwa bado jeupe. Mikono haikuacha kutetemeka. Alikuwa akitumia miwili kushika sahani.

Nilimfuata mtani alipokuwa akivua zile nguo nyuma ya nyumba, nikaanza kumshukuru kwa maneno niliyoyapanga.

"Usinishukuru, Uyoga. Mtani hashukuriwi. Nitukane."

Nilifikiri. Nikasema kwamba ana sauti kubwa.

"Njo hiyo tu?" Alicheka hadi akashika ukuta. "Hata matusi hujui! Mwalimu wa nini, wewe?"

Jumatatu mdogo wangu alikwenda kwenye mtihani. Prefe alisimama mlangoni, akamnusa, akamwacha apite. Sitasema kwamba siku zile zilikuwa rahisi. Alitokwa jasho, hakula, aliandika majibu kwa herufi zilizoyumba hata nikaogopa msahihishaji hataweza kuzisoma. Wenzake walimngoja palepale njiani.

"Mwonjaji, kuja! Mtihani umekausha koo."

"Mdomo si wangu."

"Wa nani?"

"Wa mtani. Nendeni mumuulize. Mukinipa mimi, mumempa yeye, na atakuja kwenu kuteka masufuria."

Walicheka sana. Lakini wale waliozaliwa ziwani walirudisha chupa mfukoni, na wale ambao hawakuujua utani wetu waliona wenzao wamerudisha, nao wakaacha. Kila siku waliuliza na kila siku alijibu, hadi ikawa mchezo wao, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba ameogopa. Mimi nilikuwa nimemtafutia ujasiri. Yeye alihitaji udhuru ambao ungewafanya wengine wacheke naye na kumwacha aende. Hata leo hilo halinipendezi kabisa. Ningetaka mtu akatae uovu kwa kuwa ni uovu, akiwa amesimama kwa miguu yake. Lakini alipata diploma.

Na Jumapili ziliendelea. Mjomba alimchukua kijana aliyempakulia magunia, mtoto wa wavuvi wa pwani ya kaskazini, asiye na ukoo wowote pale mjini. Kuonjewa na kijana wa kazi hakukuwa na heshima ileile, lakini kulikuwa na heshima ya kutosha. Nilikwenda kwa mtani, nikamwambia kwamba yupo mwingine. Safari hii hakucheka.

"Yule si Uyoga," alisema. "Mimi si mvua yake. Nikitema pombe aliyoimimina yule, ni vita."

Nikaenda tena ufukweni. Nikapiga tena magoti. Nilipewa jibu lilelile, kwa subira ileile. Nikitoka misa niliendelea kupita mbele ya ile baraza nyekundu, kwa kuwa ndiyo njia yetu, na siku moja nikasikia kikohozi, kisha mtu akasema neno lililozoeleka kuhusu utoto, na kicheko cha watu wengi wema. Nilishika mkoba wangu, nikapita. Baadaye yule kijana aliondoka na boti za kusini, na sijui kilichompata.

Mdogo wangu sasa ana mvi na anaishi mji mwingine, mbali na ziwa. Mwaka jana nilikuwa naye kwenye harusi ya jirani yake, na vijana wa meza yetu walimzunguka na glasi, wakimtania kwamba mzee anawaharibia sherehe. Akawaambia, kama anavyowaambia watu tangu miaka ile, kwamba mdomo wake ulitekwa na haujakombolewa bado.

"Na nani, Papa?" wakauliza, wakitarajia jina la mchungaji au la daktari.

Alifuta midomo yake kwa vidole viwili, palepale aliposhikwa, akatabasamu.

"Na Mama Mvua."